Alizama, au Alizamishwa

Kithyoko,
Jumanne, saa tisa alasiri

Mwanangu Mumbua,

Sanduku lako liko karibu na mlango. Nimelizungushia kamba kwa sababu kufuli yake siiamini. Mambo ya sweta na ya kuchemsha maji nimekwisha kuyasema mpaka ukanicheka, kwa hivyo leo nayaacha. Wewe uko Masii kumuaga susu yako, nyanya yetu mpendwa, na utarudi jioni. Baba yako yuko kiwandani Athi River. Nyumba iko kimya, nami nimeketi kwenye meza ninayosahihishia madaftari. Barua hii nitaiweka chini ya shuka zako, uisome ukifika chuoni Eldoret. Kwa mdomo ningeanza kuilainisha.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utashangaa, maana ni mimi niliyekutoza faini ya kuosha vyombo kila uliposema neno ambalo si la Kiingereza mezani. Ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini leo nakiogopa Kiingereza.

Jumapili, majirani walipokuja kukuombea, mwalimu mkuu alisimama akasema umefuata nyayo za mama yako, na kwamba katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajaniona nikikosea neno la Kiingereza hata siku moja. Watu wakapiga makofi. Ukanitazama, na uso wako ulikuwa umejaa furaha. Niliinuka nikaenda jikoni ukadhani naangalia wali. Nilikuwa nimesimama tu, nimeshika mwiko.

Mumbua, unamkumbuka Fatuma?

Najua unamkumbuka. Mlikaa dawati moja tangu darasa la pili mpaka la tano. Siku moja ya Jumatatu ulifika shuleni ukakuta dawati lina mtu mmoja, ni wewe. Ulirudi nyumbani ukiniuliza Fatuma ameenda wapi, nikakuambia baba yake amepata biashara kubwa Garissa, wamehama. Ulilia wiki nzima kwa sababu hakukuaga. Ukasema labda ulimkosea. Nikakuacha uamini hivyo.

Hukumkosea. Niliyekosa ni mimi. Nilikosa kwa neno moja, halafu nikakosa mara tatu kwa kuuficha ukweli, na hayo matatu ndiyo mabaya zaidi.

Baba yake Fatuma, Yusuf, alikuwa na buchari ile iliyopakwa chokaa, mkono wa kushoto ukielekea sokoni. Alikuwa Msomali aliyezaliwa Garissa, lakini alikuwa amekaa hapa kwetu muda mrefu hivi kwamba alitania watu kwa Kikamba na wakasahau kucheka lafudhi yake. Aliyemsaidia kununua na kuongoza mbuzi alikuwa Muthiani, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Mkewe ni Ndunge, yule anayeishi juu ya kisima cha kanisa. Yusuf na Muthiani walikula sahani moja. Hilo kila mtu alilijua, na baadaye kila mtu akajifanya hakulijua.

Ilikuwa wakati wa mvua za El Niño. Wewe ulizifurahia kwa sababu shule ilifungwa mapema. Mto wetu, ule ambao karibu mwaka mzima ni mchanga wa kuchimba visima na kupitisha punda, ulikuwa umeanza kuja bila taarifa. Huku kulikuwa na jua, kumbe kule juu imenyesha usiku kucha. Yusuf na Muthiani walikuwa wakirudi na mbuzi kutoka ng'ambo. Mbuzi walivuka. Mmoja akakwama, Muthiani akarudi kumchukua, mguu ukazama mchangani mpaka goti, na maji yakaja.

Aliyeona alikuwa mmoja tu, Susu Syombua, ambaye alikuwa akiokota kuni kwenye ukingo. Aliona Yusuf ameshika mzizi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika shati la Muthiani mgongoni. Maji yakawafunika vichwa, wakaibuka, yakawafunika tena. Mara ya tatu aliibuka Yusuf peke yake. Alifika sokoni, kipande cha shati bado kiko kwenye ngumi yake, na hakuweza kuifungua. Walimfungua vidole mmoja mmoja. Muthiani alipatikana kesho yake, mbali kule chini.

Basi unajua watu wakiwa na msiba. Mdogo wake Muthiani aliuliza mbele ya umati ni vipi wawili waingie majini atoke mmoja, na huyo aliyetoka awe na nguo ya mwenzake mkononi. Swali likazunguka soko lote. Mpaka jioni, kuna waliokuwa wamekwisha kulijibu.

Polisi walitaka taarifa ya Susu Syombua. Koplo aliyeletwa hakujua Kikamba, na Susu hakujua Kiswahili cha kutosha, na faili lilitakiwa liandikwe kwa Kiingereza. Wakasema aitwe Madam, yaani mimi. Nani mwingine angeitwa?

Hapa lazima nikueleze jambo la darasani, maana bila hilo hutaniona vizuri.

Kuna kitenzi cha Kiingereza ambacho watoto wetu wote hukikosea, na wewe pia ulikikosea ulipokuwa darasa la nne. Ni drown. Mtoto anaandika insha kwamba jana ali-drown mtoni, kisha kaka yake akamtoa wakaenda nyumbani kula. Au anaandika kwamba jiwe lili-drown. Anafikiria ni kuzama tu. Kwetu kuzama ni kwa kila kitu: jiwe huzama, jua huzama, mtu huzama kwenye mawazo na anaibuka akiitwa chakula. Lakini hicho kitenzi cha Kiingereza kimebeba maji na kifo pamoja. Ni kufa maji. Aliyetolewa akiwa hai hakufanya hicho kitenzi. Nilikuwa nawaambia darasani, "Ukishafanya hivyo huwezi kuandika insha," na darasa zima linacheka.

Muhula ule, Mwalimu Kilonzo alikuwa ameandika barua kwa wazazi, akiwaonya wasiwaruhusu watoto kwenda mtoni wasije waka-drown na kupata homa. Niliisoma kwa sauti mbele ya walimu wote. Nilimwuliza kama homa hiyo wanaipata kabla ya mazishi au baada yake. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kilonzo alikunja barua yake akaenda darasani. Alikuwa mtu mpole, na mwalimu mzuri wa hesabu, na nilimfanyia vile kwa sababu niliweza.

Sasa kitenzi hicho kina jambo la pili. Mtu anaweza kufa maji mwenyewe, na mtu anaweza kumwua mwingine kwa maji, na neno ni lilelile. Kiswahili kinatenganisha: alizama, alizamishwa. Huwezi kuyachanganya hata ukiwa na usingizi. Kiingereza kinatenganisha kwa njia nyembamba sana, kwa kuweka au kutoweka kaneno kamoja kadogo mbele. Na walimu wa zamani waliotufundisha sisi, Kiingereza chao kilikuwa cha vitabu vikuukuu, ambamo mtu aliyepatwa na ajali ya maji huandikwa was drowned, na hakuna anayeuliza ni nani aliyemfanyia. Mimi nilipenda kuandika hivyo. Niliona ndiyo lugha ya watu waliosoma.

Susu Syombua alisema, kwa Kikamba, kwamba Muthiani alizama Yusuf akiwa amemshika. Niliandika: Muthiani was drowned, held by Yusuf.

Soma mwenyewe. Nilitaka kusema alikufa maji akiwa ameshikwa na Yusuf. Mtu mwingine akiisoma anaona alizamishwa, ameshikiliwa chini na Yusuf. Maneno machache tu. Nakumbuka niliyafurahia kwa ufupi wake. Nilimsomea Susu kwa Kikamba yale aliyoyasema yeye, si yale niliyoyaandika mimi, naye akaweka kidole gumba.

Siku ya pili Yusuf alikamatwa.

Siku ya tatu koplo alikuja ofisi ya walimu wakati wa chai akiwa na karatasi. Alikuwa kijana wa heshima. Alisema anataka tu kuhakikisha kabla faili halijapelekwa Machakos. Akaweka kidole kwenye ile sentensi.

"Madam, hapa unasema alizamishwa? Huyu mama aliona akizamishwa?"

Niliitazama, na hapo hapo nikaiona kama alivyoiona yeye. Ilikuwa kama kuwasha taa. Sikuhitaji hata kusoma mara mbili. Ningesema, "Hapana, nimekosea, lete kalamu," na Yusuf angelala kwake siku hiyo. Lakini Kilonzo alikuwa ameketi pale dirishani na kikombe chake. Alikuwa ameacha kunywa. Alikuwa anasikiliza. Kitenzi kilekile, Mumbua. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita.

Nikasema, "Nimeandika nilivyoambiwa."

Hilo ndilo la kwanza kati ya yale matatu. Koplo akashukuru, akakunja karatasi, akaenda. Kilonzo akaendelea kunywa chai. Mpaka leo sijui kama alikuwa hata anakumbuka ile barua yake.

Usidhani nilikuwa na mpango wowote. Nilijiambia nitaenda kituoni jioni, peke yangu, nirekebishe bila watu. Jioni mvua ikanyesha. Kesho yake nikasema polisi wenyewe watagundua. Kila siku iliyopita ilifanya ya kesho yake kuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa ningeulizwa si kosa tu, bali pia nilikuwa wapi siku zote hizo. Nilimwambia baba yako alipokuja Jumamosi. Hakunikaripia. Alisema, "Nenda kesho, nitakusindikiza." Nikamwambia kesho ni kanisa. Jumatatu akarudi kazini, na hakulitaja tena. Nadhani alikuwa ananingoja.

Jumamosi iliyofuata Susu Syombua alikuja hapa nyumbani. Ni wewe uliyempikia chai, na alikubariki kwa kukutemea mate kifuani kama wazee wafanyavyo, ukakimbia kujipangusa. Alikuwa ametembea kutoka kwake na goti lake lile bovu. Alisema watu wanamwambia ni yeye aliyemfunga Yusuf.

"Mwalimu, mimi nilisema alimshika," aliniambia. "Sikusema alimwua. Hiyo karatasi inasemaje?"

Hakujua kusoma. Alikuwa na macho yake aliyoona nayo, na mimi. Nikamwambia Kiingereza kina njia zake, kwamba mambo ya mahakama hayaendi haraka, na kwamba hakimu ataelewa. Alinishukuru, Mumbua. Alinishika mikono miwili akanishukuru kwa kumtuliza moyo. Hilo ndilo la pili, na katika yote ndilo linaloniamsha.

Kule sokoni, buchari ilikaa na nyama mpaka ikaharibika. Hakuna aliyetangaza kwamba isinunuliwe. Watu walipita tu. Halima, mkewe Yusuf, alijaribu kuuza chai na maziwa mlangoni, watu wakapita pia. Alikuja shuleni mara moja kuniomba nimwandikie barua ya Kiingereza kwa mkuu wa polisi, kwa kuwa alisikia mimi ndiye ninayeandika vizuri. Nilimwambia niko na mitihani ya kusahihisha. Fatuma alikuwa amemshika nguo. Aliniamkia, "Shikamoo, Madam," kama mnavyofundishwa. Jumapili, mtu akatupa mawe kwenye mabati yao wakati wanakula. Alfajiri ya Jumatatu lori la mbuzi lilisimama, Halima akapanda na watoto na magodoro mawili, na wewe ukafika shuleni ukakuta dawati liko hivyo.

Yusuf alikaa rumande miezi mitano.

Aliyemtoa ni Susu Syombua. Kesi ilipotajwa tulipelekwa Machakos sote wawili kama mashahidi. Alisimama pale na leso yake mpya, akasema kwa Kikamba mambo yaleyale, kwa maneno yaleyale. Karani wa kutafsiri, kijana mmoja mwembamba, akayageuza kwa Kiingereza chepesi tu cha kawaida: mtu alikuwa anazama, mwenzake akamshika, shati likapasuka. Hakimu akamwuliza Susu kama ana hakika mkono ulikuwa unavuta juu wala si kusukuma chini. Susu akasema amevuta ndama na watoto maisha yake yote, na anajua mgongo wa mtu anayevuta unavyokaa.

Kisha nikaitwa mimi. Nilishika Biblia. Hakimu aliniuliza nilimaanisha nini kwa ile sentensi, nami nikampa somo zima la Kiingereza cha zamani na cha sasa, na jinsi vitabu fulani hutumia kitenzi hicho kwa ajali. Ninaona aibu nikikumbuka nilivyoeleza vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja ambalo sikulitegemea, kwamba ni lini niligundua polisi wameisoma vingine.

Nikasema, "Leo, mheshimiwa. Hapa mahakamani."

Hilo ndilo la tatu. Koplo alikuwa amehamishwa, hakuwepo wa kunipinga. Yusuf alikuwa amesimama kizimbani, amekonda, kofia yake mkononi. Aliniangalia muda mrefu. Akaachiliwa siku hiyohiyo, na watu wakanipongeza nje kwa kumsaidia.

Alirudi Kithyoko mara moja tu, kuchukua mizani na visu. Nilimkuta anatoa bango la buchari kwa nyundo. Ningeweza kupita njia ya nyuma, na kwa kweli miguu yangu ilikuwa imeshageuka, lakini alikuwa ameniona.

"Madam," akasema, "wewe ulijua lini?"

Nilikuwa nimedanganya polisi, na mwanamke mzee, na hakimu, na wewe. Sijui kwa nini kwake sikuweza.

"Siku ya tatu," nikasema.

Aliteremka akaketi kwenye kizingiti. Hakupaza sauti. Alisema kwamba kila akifumba macho anaona shati la Muthiani likipasuka, na kwamba angelishika shingoni badala ya mgongoni pengine lisingepasuka, na huo ni mzigo aliopewa na Mungu, hawezi kumrudishia. "Huo ningebeba," akasema. "Lakini huu wako ulikuwa wa nini?"

Akainuka. Alimalizia kung'oa bango, akalifunga kwa kamba, akaondoka na gari la mifugo lililokuwa likielekea Mwingi. Hajarudi.

Mwaka uliofuata nilifanywa mkuu wa Kiingereza katika shule yetu. Niliendelea kufundisha kitenzi kile, maana kimo kwenye silabasi. Nikifika hapo niliandika mifano ubaoni haraka na kufuta haraka. Utani ule wa insha sikuutumia tena. Kilonzo alihamishiwa Muthetheni kabla sijamwomba radhi, na alipoondoka alinipa mkono vizuri kama mtu asiye na neno. Susu Syombua alifariki miaka miwili baadaye. Nilisoma wasifu wake pale kaburini, kwa sababu ndiyo kazi yangu, watu wakifa nawasomea. Kila mmoja alisema nimesoma vizuri.

Hivyo ndivyo miaka saba inavyopita. Si kwamba nilikuwa ninaamua kila siku kunyamaza. Baada ya muda hakukuwa na mtu wa kuniuliza.

Lakini Jumapili, nikiwa nimesimama jikoni na ule mwiko, nilifikiri juu ya Ndunge. Huyo nilikuwa nimemsahau, au nilijifanya. Yusuf aliachiliwa, lakini hakuna aliyekwenda kwa Ndunge kumweleza kwa nini. Shemeji yake alimwambia Msomali amehonga mahakama, naye akaamini, kwa sababu mwanzoni aliambiwa kwamba Mwalimu mwenyewe aliandika mumewe aliuawa. Mwanawe mkubwa yuko kidato cha pili sasa. Muhula uliopita alimpiga mvulana mmoja Msomali wa pale stendi mpaka akamvunja jino, na alipoulizwa akasema watu wa aina hiyo walimzamisha baba yake. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule yao, na nilikuwa kwenye kikao kilichomwadhibu. Nilipiga kura aadhibiwe.

Jana, ulipoondoka kwenda Masii, nilikwenda kwa Ndunge.

Nilimkuta anapukuchua mbaazi uani. Akaniletea kiti, nikakataa, nikaketi chini karibu na ungo. Nilimweleza yote kwa Kikamba, tangu yale aliyoyaona Susu Syombua mtoni mpaka Biblia ya mahakama. Nilimweleza kuhusu Kilonzo pia, ingawa kumtaja kulifanya jambo lenyewe lionekane dogo na la kipumbavu, na pengine ndivyo lilivyo. Aliendelea kupukuchua mpaka nilipofika kwenye shati. Hapo mikono ikasimama.

"Kwa hivyo alikuwa ameshikwa," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Mpaka nguo ikapasuka?"

Nikasema ndiyo, na kwamba ngumi ya Yusuf ilifunguliwa na watu.

Kuku wakaja kula mbaazi kwenye ungo na hakuwafukuza. Kisha akaniambia kwamba miaka saba amekuwa akimwona mumewe akisukumwa chini. Akichota maji anamwona. Akimwogesha yule mdogo alikuwa hamwagii maji kichwani. "Na kumbe kulikuwa na mtu anamvuta," akasema. "Hakuwa peke yake."

Nilitaka kumshika mkono. Akaurudisha nyuma.

"Enda sasa, Mwalimu. Sijui kama nitakusamehe, hiyo ni ya siku nyingine. Leo niache nimlie upya, kwa sababu yule niliyemlilia si yeye."

Nilienda. Nilipofika njiani nilisikia ameanza.

Sikuandikii ili unihurumie, mwanangu. Unakwenda kusomea ualimu wa lugha, na watu watakuletea maneno yao uyaandike, kwa sababu hawana njia nyingine, na watakuamini kama Susu alivyoniamini. Utakosea. Kukosea si kitu. Hata hakimu hakunilaumu kwa kukosea. Mimi nilikuwa na saa moja, wakati wa chai, ambapo kosa lilikuwa bado ni wino tu. Baada ya hapo likawa watu. Zaidi ya hilo sina la kukufundisha, na hilo nimelilipia kwa vitu visivyokuwa vyangu, kikiwemo kile ulichokuwa nacho na Fatuma. Hicho siwezi kukurudishia. Nisamehe ukiweza, na usipoweza, usijilazimishe kwa kuwa ni mama.

Nimeandika barua nyingine leo asubuhi, kwa mahakama ya Machakos, nikieleza kwamba nilidanganya nikiwa nimeapa. Sijui watanifanyia nini. Pengine faili lenyewe limekwisha kuliwa na panya, wacheke waniambie nirudi nyumbani. Pengine la. Mwalimu mkuu nimempa nakala saa sita. Aliisoma amesimama, akakaa chini, akasema, "Lakini Madam, hakuna aliyekuwa anauliza." Nikamwambia ndiyo sababu. Ukisikia watu wakinizungumzia wakati wa likizo, wana haki ya kuzungumza, usigombane na mtu kwa ajili yangu.

Na yule kijana wa Ndunge, mama yake ndiye atakayemwambia. Leo asubuhi ameniletea ujumbe kwamba nisiwe mimi.

Mwezi uliopita, siku ya soko Masii, niliwauliza wafanyabiashara wa mbuzi kuhusu Yusuf. Waliniangalia kwanza, wakashauriana kwa lugha yao, kisha mzee wao akasema yuko hai, ana kibanda cha nyama Garissa nyuma ya soko la mifugo, na Halima yuko naye. Fatuma ameolewa. Sikutumi huko. Usimtafute kwa ajili yangu wala usimwandikie mpaka mimi nitakapokuwa nimefika kwao kwanza, kwa sababu anayedaiwa kufika mlangoni pale si wewe.

Kwa hivyo kesho tutaondoka nyumba hii sote wawili. Nikishakuona umepanda basi la Eldoret, nitashika njia ya Mwingi, na Alhamisi nikijaliwa nitakuwa Garissa. Ukipiga simu kwa jirani Ijumaa ukaambiwa sijarudi, usiogope. Sijui nitapokelewaje. Pengine atafunga mlango, na nitakaa nje mpaka aseme niondoke. Tangu asubuhi nafikiria nitakachomwambia. Nimejaribu kwa Kiingereza, nikajaribu kwa Kikamba, na kila mara naanza kueleza. Nadhani nitamjibu tu lile swali alilouliza kizingitini. Mzigo ule ulikuwa wa nini? Ulikuwa wa kwangu, Yusuf. Nimekuja kuuchukua.

Mimi mama yako,
anayekupenda na aliyekudanganya.